Goti lilivyomkatiza Wanyama akiwa kileleni

Hebu nikuulize swali la haraka kabla hujasonga mbele. Jina la Victor Wanyama likitajwa kwenye stori za mpira, wewe hukumbuka nini kwanza? Kuna watakaosema kombora la Anfield. Wengine watakwambia ni lile bao la kichwa dhidi ya Barcelona. Na lazima kutakuwa na msee mmoja huko nyuma atakayepaza sauti, "Spaghetti!", kwa sababu ujumbe ule mfupi wa Twitter, ambao Wanyama aliandika tu kwamba amekula spaghetti zake na amefurahi, mashabiki wa Tottenham waliugeuza utani wa miaka nenda miaka rudi.

Kisha kuna jibu jingine, na hili ndilo lililonifanya niandike. "Wanyama? Huyo si aliisha kitambo?"

Kuisha. Neno jepesi sana hilo. Tunamtupia mchezaji kama maganda ya ndizi, halafu tunarudi kwenye simu kuangalia beti zetu. Lakini umewahi kujiuliza mchezaji huishaje? Nani humaliza nani? Hebu tazama namba hizi nne: 36, 18, 13, 2. Hizo ni mechi za Ligi Kuu ya Uingereza (EPL) ambazo Wanyama aliichezea Tottenham katika misimu yake minne, kuanzia 2016/17 hadi 2019/20. Kutoka 36 hadi 2. Ukizisoma hivyo, unaona jamaa aliyelewa sifa akaanza kuteleza. Lakini ukifuata ni nini kilitokea kati ya 36 na 18, unapata hadithi tofauti kabisa, na haina pombe, haina wasichana wa Instagram, haina magari yaliyogongwa usiku. Ina goti.

Tuanze nyumbani kwanza, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Wanyama alizaliwa Juni 25, 1991, na akalelewa Muthurwa, Nairobi, katika familia ambayo mpira ulikuwa kama chai ya asubuhi. Baba yake, Noah Wanyama, alisakatia AFC Leopards. Kaka yake mkubwa ni McDonald Mariga. Dada yao Mercy alichagua mpira wa vikapu, akafika mbali nao. Yaani ukienda kwao ukasema hupendi michezo, sijui mngeongea nini.

Wote wawili, Mariga na Victor, walipita Kamukunji High, shule ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitoa wanasoka kama vile Muthurwa inavyotoa mitumba. Victor akapitia akademia ya JMJ, Nairobi City Stars na Leopards, na mnamo Mei 2007 akaitwa Harambee Stars dhidi ya Nigeria. Alikuwa na umri wa miaka 15. Wewe ukiwa na miaka 15 ulikuwa unafanya nini? Mimi hata ruhusa ya kwenda kutazama mechi usiku sikuwa nayo.

Mwaka huo huo akamfuata Mariga kule Helsingborg, Uswidi. Lakini kaka mtu alinunuliwa na Parma ya Italia, na mdogo akabaki ugenini bila mwenyeji. Akarudi Kenya. Watu husahau hatua hii wanaposimulia maisha yake: kijana aliyewahi kwenda majuu, akarejea mtaani huku majirani wakiuliza maswali. Mwaka wa 2008 akapata nafasi nyingine, safari hii Ubelgiji, katika klabu ya Germinal Beerschot. Akakaa hapo misimu mitatu, bila kelele, akijifunza kazi.

Kuna jambo moja unapaswa kulielewa kuhusu Wakenya na EPL wakati huo. Januari 2010, Manchester City ilimtaka Mariga. Dili ilikuwa karibu kukamilika. Kilichoivunja si pesa wala kipaji. Ni kibali cha kazi. Sheria za Uingereza za wakati huo ziliangalia nchi ya mchezaji iko nafasi gani kwenye orodha ya FIFA, na kama haikuwa ndani ya 70 bora, ulikuwa na kibarua kigumu kujieleza. Kenya haikuwa humo. Mariga akaenda Inter Milan badala yake, na kufikia Mei alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa Klabu Bingwa Ulaya chini ya Jose Mourinho. Kwa hivyo usimwonee huruma sana. Lakini mlango wa Uingereza ulikuwa umefungwa mbele ya familia hiyo, na kila mchezaji wa Kenya aliyeota EPL alisikia kishindo chake.

Julai 2011, Celtic ya Uskoti ikalipa pauni 900,000 kumpata Victor. Safari hii kibali kilipatikana. Akachukua jezi nambari 67, heshima kwa kikosi cha Celtic kilichoshinda Kombe la Ulaya mwaka wa 1967. Kijana wa miaka 20 anafika Glasgow na kitu cha kwanza anachofanya ni kuonyesha kwamba anaijua historia ya wenyeji wake. Mashabiki wa Celtic walimpenda kabla hajacheza hata mechi kumi.

Halafu ikaja Novemba 7, 2012. Celtic walikuwa ndio kwanza wamesherehekea miaka 125 ya klabu yao, na mgeni alikuwa Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta. Barcelona walikaa na mpira karibu usiku mzima. Ungeweza kupika ugali, ukala, ukaosha vyombo, urudi uwakute bado wanapigiana pasi. Lakini dakika ya 21 Charlie Mulgrew alipiga kona, na Wanyama akaruka juu ya kila mtu, akaupiga kichwa. Bao. Tony Watt, chipukizi wa miaka 18, akaongeza la pili mwishoni, na Messi akapata la kufutia machozi. Ikaisha 2-1. Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kufunga bao kwenye Klabu Bingwa Ulaya.

Kocha wa Celtic usiku huo alikuwa Neil Lennon. Kumbuka jina hilo, tutakutana nalo tena.

Baada ya hapo bei ilipanda kama ya unga. Julai 2013, Southampton walitoa pauni milioni 12.5, karibu mara 14 ya zile Celtic walizolipa, na hakuna klabu ya Uskoti iliyokuwa imewahi kuuza mchezaji kwa pesa nyingi hivyo. Kwa kusaini hapo, Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kucheza EPL. Mlango ambao kaka yake alifungiwa, yeye aliupita miaka mitatu baadaye, baada ya kuzungukia Ubelgiji na Uskoti.

Kocha aliyemleta Southampton ni Mauricio Pochettino, na hao wawili walielewana vizuri. Pochettino alitaka timu inayokaba juu, inayomsonga mpinzani karibu na goli lake, na timu ya namna hiyo huhitaji mtu mmoja nyuma ya wote wa kuzoa kila kinachopenya. Huyo alikuwa Wanyama. Mrefu, mita 1.88, kifua kipana, na miguu mirefu iliyofika mahali ambapo wewe ulidhani mpira tayari ni wako. Mara nyingine alikuwa na mambo yake ya kushangaza: Novemba 2014 dhidi ya Hull, mechi haijachangamka hata, kipa wa Hull alitoka nje kuokoa mpira ukamwangukia Wanyama mbali sana na goli. Akaupiga papo hapo. Goli tupu. 1-0, na ndivyo ilivyoisha.

Usidhani kila kitu kilikuwa asali. Pochettino alikuwa amehamia Tottenham mwaka wa 2014, na majira ya joto ya 2015 akataka kumchukua kijana wake. Southampton wakakataa. Kocha mpya, Ronald Koeman, alifika mahali pa kumwacha nje ya kikosi akiona akili yake haipo. Msimu huo ukawa na kadi nyekundu, ikiwemo ile ya Februari 2016 kwa kumchezea vibaya Dimitri Payet wa West Ham, iliyomweka nje mechi tano. Nikiwa mkweli kwako, huo ndio wakati pekee katika maisha yake ya soka ambapo mtu angeweza kusema Wanyama alijikwaa mwenyewe. Alikuwa na hasira, alitaka kuondoka, na ilionekana kwenye miguu yake.

Juni 2016 Tottenham wakampata hatimaye, kwa pauni milioni 11. Zaidi ya Sh1 bilioni kwa viwango vya wakati huo. Akasaini miaka mitano.

Sasa huu ndio msimu ninaotaka uutazame kwa makini, kwa sababu ndio kilele, na mtu akikuuliza Wanyama alikuwa nani, mpeleke hapa. Msimu wa 2016/17. Bao lake la kwanza lilikuja Agosti dhidi ya Crystal Palace, dakika ya 83, mechi ikaisha 1-0. Kutoka hapo hakuondolewa tena. Eric Dier, aliyekuwa akicheza nafasi hiyo, akajikuta mara nyingi akirudishwa kwenye ulinzi. Wanyama na Mousa Dembélé wakawa ukuta mbele ya ukuta. Harry Kane alifunga, Dele Alli alifunga, Christian Eriksen akawagawia mipira, na sote tulikuwa tukiwatazama hao. Lakini rudi kwenye marudio ya mechi hizo uangalie mpira ulipotokea kabla haujamfikia Eriksen. Mara nyingi sana kulikuwa na Mkenya aliyeunyakua.

Spurs walimaliza wa pili wakiwa na pointi 86, na hawakupoteza mechi hata moja ya ligi nyumbani. Ulikuwa msimu wa mwisho wa uwanja wao wa kale, White Hart Lane. Mei 14, 2017, mechi ya kuuaga uwanja huo, Manchester United wakiwa wageni. Dakika ya sita Ben Davies akapiga krosi, Wanyama akaruka. Kichwa. 1-0. Kane akaongeza, Rooney akapunguza, ikaisha 2-1, halafu mashabiki wakafurika uwanjani na upinde wa mvua ukatokea angani kana kwamba umelipwa. Wengi husema bao la Barcelona ndilo kubwa zaidi katika maisha yake. Mimi nachagua hili. La Barcelona lilikuwa la kijana aliyeshangaza dunia. Hili lilikuwa la mtu aliyekuwa amezoea kuwa hapo.

Mechi 36 kati ya 38. Miaka 25.

Mwezi uliofuata akaenda mapumziko Tanzania, na viongozi wa Ubungo, Dar es Salaam, wakampa barabara. Si utani. Kibao kikawekwa chenye jina lake, picha zikapigwa, Wakenya wa Twitter wakajaa furaha. Kesho yake jina lilikuwa limeondolewa. Ukiuliza kwa nini Watanzania wampe Mkenya barabara na Samatta yupo, unauliza swali la haki kabisa. Lakini nakitaja kisa hiki kwa sababu kinakuonyesha jina lake lilikuwa na uzito gani Juni 2017. Majirani zetu, ambao kwa mpira hatukubaliani hata kuhusu hali ya hewa, walikuwa tayari kumwandika kwenye nguzo, japo kwa siku moja.

Agosti 20, 2017, Tottenham ilicheza na Chelsea Wembley. Baada ya mechi hiyo Wanyama akatoweka kwenye kikosi. Goti. Wiki zikawa miezi. Septemba ikapita, Oktoba, Novemba, Desemba. Alirejea uwanjani Januari 2018.

Hapa nivumilie kidogo nikueleze kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kwa nini goti lilikuwa jambo zito hivyo kwake. Kiungo mkabaji hakimbii kama winga, mita 40 moja kwa moja. Yeye hukimbia mita tano, husimama ghafla, hugeuka, mita tatu, huingia kwa mguu, huinuka, hugeuka tena. Hufanya hivyo dakika 90, na kila anapogeuka, uzito wote wa mwili hupita kwenye goti moja. Wanyama hakuwa mtu mwepesi. Fowadi mwenye goti bovu anaweza kujificha ndani ya kisanduku akingoja krosi moja. Beki anaweza kurudi nyuma hatua mbili ajilinde. Kiungo mkabaji hana pa kujificha, kila mpira unapita kwake. Akichelewa nusu hatua, hafiki kwenye mpira, anafika kwenye mguu wa mtu. Filimbi inalia. Na mashabiki wanaotazama kwenye baa hawaoni goti. Wanaona mtu mzito aliyechelewa.

Kisha kuna jambo la pili: timu haikungoji. Ukiugua shuleni, dawati lako linabaki. Kwenye klabu kubwa dawati lako linakaliwa Jumamosi inayofuata. Dier alirudi kwenye nafasi yake. Harry Winks, kijana wa nyumbani, akakomaa. Moussa Sissoko, ambaye mashabiki walikuwa wakimcheka, akabadilika akawa injini. Wanyama alipopona, alikuta foleni.

Lakini ni kweli kwamba ustadi ulikuwa umeondoka? Februari 4, 2018, Anfield. Liverpool inaongoza 1-0, dakika ya 79 Pochettino anamtoa Dembélé na kumwingiza Wanyama. Muda mfupi baadaye mpira unapanguliwa na kipa Loris Karius, unadunda nje ya kisanduku, na unamkuta Wanyama akija mbio. Ukiwa hujawahi kulitazama bao hilo, acha kusoma uende ulitafute, nitakungoja. Hakuutuliza. Aliufyatua ulivyokuja, na Karius aliugusa tu kwa macho. Lilichaguliwa bao bora la mwezi EPL. Mechi iliisha 2-2, baada ya Mohamed Salah na Kane kuongeza vituko vya dakika za mwisho.

Hebu fikiria hilo. Mtu ambaye goti limemweka nje miezi minne na zaidi, ameingia sasa hivi, hajapata hata jasho, na anapiga mpira hivyo. Kipaji hakikuwa kimeenda popote. Ila kwa kipaji pekee huwezi kucheza mechi tatu kwa wiki. Msimu huo ukaisha na mechi 18 za ligi, na goti likasumbua tena katika msimu uliofuata.

Na huo wa 2018/19 ndio msimu ulionikalia rohoni kuliko yote. Aprili 2019, majeruhi wakiwa wengi Spurs, Wanyama akapata mwanya. Akafunga dhidi ya Huddersfield. Siku nne baadaye akaanza dhidi ya Manchester City kwenye ile robo fainali ya Klabu Bingwa iliyotutoa machozi na vicheko, Spurs wakafungwa 4-3 lakini wakapita. Akaanza nusu fainali ya kwanza dhidi ya Ajax. Akaanza ya pili, Mei 8, kule Amsterdam. Kufikia mapumziko Spurs walikuwa nyuma 2-0, jumla 3-0. Pochettino akafanya mabadiliko. Akamtoa Wanyama, akamwingiza Fernando Llorente, mshambuliaji mrefu wa kupigiwa mipira ya juu.

Kilichofuata unakijua. Lucas Moura, mabao matatu, la mwisho dakika ya 96. Moja ya usiku mkubwa zaidi katika historia ya klabu hiyo, na Wanyama aliutazama akiwa amekaa.

Juni 1, fainali, Madrid. Liverpool dhidi ya Tottenham. Nahodha wa Harambee Stars yuko kwenye benchi. Spurs wako nyuma 1-0 tangu penalti ya Salah ya mapema, na Pochettino ana nafasi tatu za kubadilisha. Anamwita Moura. Anamwita Dier. Anamwita Llorente. Wanyama hakuitwa. Na dakika ya 87, aliyefunga bao la pili la Liverpool ni nani? Divock Origi, mwana wa Mike Okoth, aliyewahi kuichezea Harambee Stars kabla ya kuweka makao Ubelgiji. Kwa hivyo usiku ule Kenya ilikuwa na watu pande zote mbili, mmoja akisherehekea kwenye kibendera na mwingine akiwa amevaa koti la akiba. Kwenye mitandao yetu tulimshangilia Divock hadi asubuhi. Sidhani wengi walimtazama Victor.

Wiki chache baadaye alikuwa Misri akiongoza Harambee Stars kwenye AFCON, ya kwanza kwa Kenya tangu 2004. Tulifungwa na Algeria, tukawapiga Tanzania 3-2 baada ya kutangulia kufungwa mara mbili, tukazimwa na Senegal. Kitambaa cha unahodha kilikuwa mkononi mwake tangu 2013, na kwangu mimi hilo ni deni ambalo hatujalilipa vizuri. Mara ngapi umesikia mtu akisema, "Huyu Wanyama huchezea klabu tu, Stars hajitumi"? Huko Spurs alizungukwa na Dembélé na Eriksen. Kwa Stars alitakiwa akabe, aanzishe mashambulizi, apige frikiki, na kisha ajibu maswali ya wanahabari kuhusu marupurupu yaliyochelewa. Mchezaji mmoja hafanyi kazi za wanne, hata akiwa na magoti mapya.

Majira hayo Club Brugge ya Ubelgiji ilimtaka. Mazungumzo yalifika mbali, kisha yakavunjika dirisha likikaribia kufungwa. Akabaki London. Novemba 2019 Pochettino, kocha aliyemwamini mara mbili, akafutwa. Aliyeingia? Mourinho, yule yule aliyekuwa na Mariga kule Inter. Ungetarajia hadithi nzuri hapo, lakini mpira hauandiki hadithi kwa ajili yetu. Msimu huo alicheza mechi mbili za ligi. Machi 2020 akaondoka kwenda Montreal Impact, Canada, ambako kocha alikuwa Thierry Henry.

Alifika, na dunia ikafungwa kwa corona. Mipaka ya Canada ilipobana, timu ililazimika kuchezea mechi zake za "nyumbani" Marekani. Lakini huko ndiko nadhani Wanyama alikopumua. Alicheza. Wiki baada ya wiki, alicheza. Klabu ikabadilisha jina kuwa CF Montréal, ikashinda kombe la Canada mwaka wa 2021 kwa kuwapiga mahasimu wao Toronto 1-0, na 2022 ikamaliza ya pili katika kanda ya mashariki ya ligi hiyo. Vijana waliokuwa kando yake kwenye kiungo, kama Ismaël Koné, waliuzwa Ulaya. Yeye alikuwa mzee wa chumba cha kubadilishia nguo. Alikaa hapo hadi mwisho wa 2024.

Septemba 2021 alikuwa ameiaga Harambee Stars baada ya miaka 14. Kitambaa kikaenda kwa Michael Olunga. Hakuna mechi ya kumuaga iliyojaza Kasarani. Aliandika ujumbe mtandaoni, tukaweka mioyo chini yake, tukasonga. Nchi ambayo imepewa CHAN na AFCON ya kuandaa pamoja na majirani, na ambayo sasa ina Mariga kama naibu rais wa shirikisho la soka tangu Desemba 2024, ingeweza kumtafutia ndugu yake hata Jumapili moja alasiri. Uwanja upo. Mashabiki wapo. Celtic wangekuja hata bila kubembelezwa sana.

Na kuhusu Neil Lennon. Machi 2025 alikabidhiwa Dunfermline Athletic, timu ya daraja la pili Uskoti iliyokuwa sehemu mbaya ya jedwali. Alihitaji mtu wa kumwamini kwenye kiungo, akamchukua Wanyama, miaka 33, mkataba wa hadi mwisho wa msimu. Hakukuwa na Barcelona wala Messi. Kulikuwa na baridi ya Uskoti, mashabiki elfu kadhaa, na kocha anayejua yule kijana wa jezi 67 alikuwa akiruka hadi wapi. Uwanja wa Dunfermline, kama hukujua, unaitwa East End Park. Jamaa wa Muthurwa alizunguka Ulaya na Amerika yote, akajikuta tena Eastlands.